Kuzalisha na kuchuja kuku weusi wa Cemani nyumbani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Simu ninayopigiwa mara nyingi ni ya namna moja. Mtu alinunua vifaranga wa Cemani, weusi tii, ulimi mweusi, kucha nyeusi, akawalea kama mboni ya jicho. Kufika mwezi wa tano upanga wa jogoo umegeuka rangi ya damu ya mzee, na shingoni yameota manyoya mawili matatu ya dhahabu. "Nimetapeliwa?" ananiuliza.

Wapo waliotapeliwa kweli. Lakini wengi walipata kuku halali, wakaanguka pale pale wanapoanguka wengine: walitotoa kila yai na kubakiza kila kifaranga, kwa sababu kila mmoja amewagharimu. Fanya hivyo vizazi vitatu, weusi unapauka mbele ya macho yako. Kwangu mimi, kati ya vifaranga 50, wanaofika kuwa wazazi ni 10 hadi 13. Wengine wote wanaliwa.

Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kuchuja. Ujenzi wa banda na ulishaji nitapita haraka, hayo hayatofautiani sana na kuku wengine. Nafugia Tanga, kwenye joto na unyevunyevu wa pwani. Kama uko Njombe au Limuru, utarekebisha pale nitakapotaja joto.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujanunua hata yai moja

- Wauzaji watatu ambao hawabadilishani majogoo. Hiki ndicho kifaa cha kwanza, na ndicho watu wanachokiruka. Ukinunua jogoo na mitetea wawili kwa mtu mmoja, mara nyingi umenunua kaka na dada zake.
- Vyumba vitatu vidogo, kila kimoja kama mita 2 kwa 1.5, na uwanja wenye kivuli nje. Kuku mweusi hunyonya jua. Mchana wa Januari hapa kwetu bila kivuli na maji ya kutosha utampoteza.
- Kizimba cha jogoo wa akiba.
- Mashine ya kutotolesha, au mitetea wawili watatu wa kienyeji wanaoatamia vizuri.
- Kipimajoto na kipimaunyevu vya pembeni. Usiamini kile kilichokuja na mashine mpaka umekilinganisha na kingine.
- Tochi yenye mwanga mkali, ya kumulika mayai.
- Vibanio vya plastiki vya mafundi umeme, rangi tatu, kwa ajili ya pete za miguuni.
- Kitoboleo kidogo cha utando wa vidole vya kifaranga.
- Mizani ya jikoni inayofika kilo 5.
- Daftari na penseli. Mayai huandikwa kwa penseli, wino hupenya ganda.
- Kisu kikali na jiwe lake la kunolea.

Huna daftari, usianze. Mashine unaweza kuazima, daftari la kuku wako hakuna wa kukuazima.

## Weusi unatoka wapi

Sehemu hii ni fupi, lakini makosa mengi ya kuchuja yanaanzia hapa.

Cemani ni kuku wa Java, Indonesia. Jeni inayomfanya awe mweusi mpaka mfupani huandikwa Fm, na anayo pamoja na Kadaknath wa India na kuku wa manyoya ya hariri wa China. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa chanzo ni kipande cha kromosomu ya 20 kilichojirudia, kipande chenye jeni iitwayo EDN3. Kwa sababu hiyo seli za rangi huongezeka kupita kawaida kifaranga akiwa bado ndani ya yai.

Fm ina nguvu. Nakala moja tu, ya baba au ya mama, inatosha kumfanya kifaranga aonekane mweusi. Ndiyo maana chotara anaweza kupita machoni pako siku ya kwanza.

Jeni ya pili ni Id. Hii huzuia weusi usikae ngozini, na iko kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z. Jogoo ana Z mbili. Mtetea anayo moja tu, na hiyo anairithi kwa baba yake. Sasa angalia kinachotokea. Jogoo safi wa Cemani akimpanda mtetea wa kienyeji wa miguu ya njano, watoto wa kike hutoka weusi, na wa kiume hutoka wamepauka. Ukigeuza, mtetea wa Cemani kwa jogoo wa miguu ya njano, watoto wote hupauka.

Kwa hiyo mtu akikuletea matemba (mitetea ambao hawajaanza kutaga) weusi matupu, muulize kaka zao wako wapi. Akikosa jibu, ondoka.

Mawili ya kukusaidia usitapeliwe: damu ya Cemani ni nyekundu kama ya kuku yeyote, na yai lake ni la rangi ya krimu. Anayekuuzia yai jeusi amelipaka.

## Hatua ya 1: Kagua wazazi kwa mikono yako

Picha haionyeshi ulimi, na ulimi ndio unaotafuta.

Mshike kuku asubuhi, nje, kwenye mwanga wa jua usio mkali. Mbane ubavuni kwa mkono wa kushoto. Kwa kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, bana pembe za mdomo taratibu mpaka ufunguke. Tazama ulimi juu, kisha chini ya ulimi, kaakaa, na koo. Pinki hupenda kujificha chini ya ulimi, na muuzaji mjanja atakufungulia mdomo kwa haraka akuonyeshe juu tu.

Halafu geuza unyayo. Tazama kati ya vidole na ncha za kucha. Puliza manyoya ya mgongoni na kifuani uone ngozi. Nyanyua bawa uangalie kwapani. Malizia tundu la haja.

Mambo matatu yanayowachanganya watu:

Manyoya ya kahawia si lazima yawe kosa. Jua la pwani huunguza manyoya yaliyozeeka. Ng'oa moja, tazama shina lake: likiwa jeusi chini na kahawia juu, ni jua. Ukiwa bado na shaka, subiri wiki nane uone linaloota mahali pake.

Unyoya mmoja mweupe juu ya kovu mara nyingi ni jeraha, si damu. Manyoya meupe mawili matatu mahali pasipo na kovu ni jambo jingine.

Mtetea anayetaga anaweza kuwa na uzambarau kidogo kwenye upanga. Mimi humvumilia kama mdomo wake ni mweusi kabisa. Jogoo simvumilii.

*Umefaulu* ukiwa na majogoo watatu na mitetea tisa hadi 15 uliowafungua midomo mwenyewe, na umeandika ulichokiona kwa kila mmoja, pamoja na kasoro zake. Kuku asiye na kasoro yoyote sijamwona bado.

## Hatua ya 2: Panga familia tatu

Kila chumba kipe rangi: nyekundu, njano, buluu. Weka jogoo mmoja na mitetea watatu hadi watano.

Kanuni ni moja na haibadiliki: binti hubaki kwenye rangi ya mama yake, kijana wa kiume huhama. Jogoo aliyezaliwa chumba chekundu atakwenda njano, wa njano atakwenda buluu, wa buluu atakwenda chekundu. Mwaka unaofuata hivyo hivyo.

Sababu ni damu. Ukipandisha kaka na dada kizazi kimoja tu, robo ya jeni za watoto huweza kuwa nakala mbili zinazofanana. Matokeo utayaona kwenye mayai kabla ya kuyaona kwenye rangi: yasiyo na mbegu yanaongezeka, vifaranga wanafia ndani ya ganda siku ya 19 na 20, wanaotoka ni wadogo.

Onyo: mtetea hutunza mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili hadi tatu. Ukimbadilisha jogoo leo, mayai ya wiki nne za mwanzo yaliwe, yasitotolewe. Watu wengi wameandika kwenye daftari watoto wa jogoo ambaye hakuwa baba yao.

## Hatua ya 3: Kusanya mayai

Matemba wa Cemani huchelewa. Tarajia yai la kwanza kati ya mwezi wa sita na wa nane. Usitotoe mayai ya mwezi wa kwanza, ni madogo na vifaranga wake hutoka dhaifu.

Kusanya mara tatu kwa siku. Andika rangi ya familia na tarehe kwa penseli. Yai chafu lifute kwa kitambaa kikavu, usilioshe.

Vitabu vinasema yai lihifadhiwe hadi siku saba kwenye nyuzijoto 13 hadi 18. Chumba changu mchana kina 30. Kwenye joto hilo kiinitete huanza kukua nusunusu kisha hufa, na ukimulika siku ya 7 unakuta duara la damu. Kwa hiyo huku pwani usipitishe siku nne. Ni afadhali uweke mayai 12 mabichi kuliko 30 yaliyongojewa.

Yai lililosafiri kwa basi lipumzishe, ncha nyembamba chini, kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kuliweka kwenye mashine.

## Hatua ya 4: Totolesha, kila familia kivyake

Mashine yenye feni: nyuzi 37.5 hadi 37.7. Unyevu asilimia 45 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70 mpaka vifaranga watoke. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, na siku ya 18 uache kugeuza.

Mulika siku ya 7 na ya 14. Ganda la Cemani ni jepesi kwa rangi, hivyo mishipa huonekana vizuri. Yai angavu lisilo na mshipa liondoe. Lenye duara la damu liondoe.

Umeme ukikatika, usifungue mashine kuchungulia. Ifunike kwa blanketi, acha matundu ya hewa kidogo. Mayai ya wiki ya tatu yana joto lake yenyewe na huvumilia saa mbili tatu.

Sasa jambo ambalo limewaharibia wengi kazi ya mwaka mzima: siku ya 18, tenga familia. Mimi hutumia vikapu vidogo vya plastiki vya jikoni vyenye matundu, kimoja kikifunika kingine, na uzi wa rangi ya familia umefungwa ubavuni. Vifaranga wakitotolewa wamechanganyika, hakuna macho duniani yatakayokuambia yupi ni wa nani. Wote weusi.

Ukitumia kuku wa kienyeji, mpe mayai 10 hadi 12 ya familia moja tu. Mitetea wengi wa Cemani hawaatamii kwa uaminifu, nilishaacha kuwategemea.

*Umefaulu* kwa mashine ya nyumbani ikiwa mayai saba kati ya kila 10 yenye mbegu yametoa vifaranga wazima.

## Hatua ya 5: Alama siku ya kwanza, hukumu baadaye

Kifaranga akikauka, toboa utando wa kati ya vidole kwa alama ya familia yake. Kila mguu una tando mbili zinazofaa, jumla nne, nazo hutoa alama 16 tofauti. Hakikisha kipande kimetoka kabisa. Kikibaki kikining'inia, tundu litaziba na kupotea.

Usimhukumu yeyote kwa manyoya ya siku hii. Vifaranga wengi wazuri hutoka na weupe kidogo kifuani au kwenye ncha za mabawa, na weupe huo huondoka manyoya ya kweli yakiota. Nimewahi kuona mtu amewaua sita kwa ajili hiyo, na nilipofungua midomo yao walikuwa bora kuliko aliowabakiza.

Anayeondolewa siku ya kwanza ni yule asiyeweza kuishi: kitovu kilicho wazi na utumbo nje, au asiye na jicho na mdomo ulio sawa. Miguu iliyotawanyika si sababu. Ifunge pamoja kwa plasta laini, ukiacha nafasi ya kusimama, na siku mbili tatu atatembea.

Asiye na njia, usimwache afe polepole pembeni ya boksi. Shika kichwa, vuta na kupinda shingo kwa mara moja, kwa uthabiti. Kama mkono wako unasita, mwite mzoefu afanye, ujifunze.

## Hatua ya 6: Lea mpaka wiki ya nane

Bruda, yaani boksi la joto la kulelea vifaranga, ianze na nyuzi 33 hadi 35, ishuke kama 3 kila wiki. Pwani mchana wakati mwingine taa haihitajiki kabisa. Watazame wenyewe: wakirundikana wana baridi, wakikimbilia kuta na kuhema mdomo wazi wana joto, wakitawanyika na kula wako sawa.

Chanjo ninazofuata: mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, mdondo siku ya 21, Gumboro siku ya 28, ndui wiki ya sita, kisha mdondo kila miezi mitatu. Daktari wa mifugo wa eneo lako akiwa na ratiba tofauti, fuata yake, anajua ugonjwa ulioko hapo.

Hapa Cemani anatofautiana na kuku wengine, na ni jambo la hatari. Kuku wa kawaida akiugua, upanga unakuambia: unapauka akiishiwa damu, unakuwa wa bluu akikosa hewa. Cemani hakuambii kitu. Upanga ni mweusi akiwa mzima na ni mweusi akiwa anakufa.

Kwa hiyo jifunze kumsoma kwa vidole. Jioni papasa gole, kifuko cha chakula chini ya shingo: liwe limejaa. Papasa mfupa wa kidari: ukiwa mkali kama kisu, anakonda. Tazama kinyesi chini ya kila kichanja kila asubuhi, damu kwenye kinyesi cha vifaranga ni kuhara damu na haisubiri kesho. Na pima uzito kila Jumamosi. Aliyeshuka wiki mbili mfululizo anaumwa, hata kama anakimbia na wenzake.

## Hatua ya 7: Mchujo wa kwanza, wiki ya nane

Sasa mapora (majogoo wachanga) wengi wanajulikana kwa upanga. Weka vizimba vitatu: ndiyo, hapana, subiri. Mkague mmoja mmoja kama ulivyowakagua wazazi.

"Hapana" ni huyu: ulimi wa pinki nusu au zaidi, vidole vyeupe, ngozi nyeupe kifuani, mdomo uliopishana kama mkasi, kidari kilichopinda, au aliye mdogo kwa theluthi moja kuliko wenzake wa umri ule ule bila sababu ya ugonjwa.

Vidole vilivyojikunja vitazame kwa makini. Kama ni mmoja kati ya 30, mwondoe. Kama ni wengi kwa pamoja, tatizo ni chakula chenye upungufu wa vitamini B2 au mashine, na ukiwachinja utakuwa umewahukumu kwa kosa lako.

"Subiri" ni mwenye doa dogo: ncha ya ulimi ya kijivu, ukucha mmoja mweupe. Wape mpaka mwezi wa sita.

Walioingia "hapana" huhamia uwanja mwingine wa kunenepea. Usiwarudishe hata kama umempenda mmoja kwa upole wake.

## Hatua ya 8: Mchujo mkubwa, mwezi wa sita

Hii ndiyo siku. Kabla ya umri huu jogoo hajamaliza kusema yeye ni nani. Manyoya ya shingo na ya kiuno ya utu uzima ndiyo yanayofichua dhahabu au wekundu, na upanga unapojaa damu ndipo uzambarau hujitokeza.

Mimi huifanya na mke wangu. Mimi nashika kuku na kutaja ninachoona, yeye anaandika. Pete ya familia ameifunika kwa kitambaa, nisijue ni mtoto wa nani. Tulianza hivyo baada ya kugundua kuwa watoto wa jogoo niliyempenda walikuwa wanapata alama nyingi kila mwaka bila kustahili.

Fuata mpangilio huu, na usiugeuze:

Mwili kwanza. Miguu iliyonyooka, kidari kilichonyooka, mkia usioegemea upande, uzito wa kutosha. Majogoo wazima wa Cemani huwa kilo 2 hadi 2.5, mitetea 1.5 hadi 2. Mweusi tii mwenye kidari kilichopinda ni kitoweo kizuri.

Weusi wa pili. Mdomo, upanga na ndevu, uso, unyayo, ngozi, kisha manyoya. Manyoya mazuri hung'aa kijani juani.

Tabia ya tatu. Jogoo anayerukia watoto wa nyumbani haendi kuwa baba.

Kwa majogoo kuwa mkali mara mbili. Mtetea mbaya atakuharibia watoto wake tu. Jogoo mbaya ni nusu ya kila kifaranga chumbani. Bakiza mmoja kwa kila familia na mmoja wa akiba. Matemba, wawili au watatu bora wa kila familia.

Hutapata wasio na kasoro, kwa hiyo oanisha kwa kufidia: mtetea mwenye kucha nyeupe kidogo mpe jogoo mwenye miguu isiyo na doa. Usioanishe kamwe wawili wenye kasoro moja, na kwenye ulimi wa pinki hilo halina mjadala.

*Umefaulu* ikiwa walioondoka ni wengi kuliko waliobaki na daftari linasema kwa nini kila mmoja aliondoka. Ikiwa umebakiza 30 kati ya 50, rudi uanze upya kesho asubuhi.

## Hatua ya 9: Chinja walioondolewa

Miaka ya mwanzo nilikuwa nauza walioshindwa wakiwa hai, kwa bei ya kitoweo. Pora mmoja mwenye ulimi wa pinki nilimuuza hivyo. Baada ya muda nikatafuta damu mpya, nikanunua vifaranga mji wa jirani, kwa bei ya kuku safi. Nilipogeuza unyayo wa mmoja nikauliza baba yake ni yupi. Nikaletewa pora wangu, na alama yangu bado iko kwenye utando wa kidole.

Tangu siku hiyo aliyeondolewa kwangu hatoki akiwa hai. Watakuja watu wanaotafuta kuku mweusi asiye na doa kwa shughuli za waganga, watapandisha bei. Jibu ni lile lile kwa wote: nyama ipo.

1. Mkamate usiku akiwa amelala kwenye kichanja, bila kumkimbiza. Mweke kwenye kizimba, mnyime chakula saa 8 hadi 12, maji aendelee kupata. Gole tupu hurahisisha usafi.
2. Kama alikuwa kwenye dawa, subiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite.
3. Noa kisu mpaka kikate unyoya hewani. Kisu butu ni ukatili.
4. Mchinje mbali na macho ya wenzake. Kata mishipa yote miwili mikubwa ya shingo, koromeo na umio, kwa mkato mmoja. Kwa Waislamu, kibla na bismillahi mnazijua.
5. Ngoja mpaka atulie kabisa na damu iishe, dakika mbili au zaidi. Usimtie maji ya moto akiwa bado anacheza.
6. Maji yawe nyuzi 60 hadi 65, sekunde 45 hadi 60. Unyoya wa bawa ukitoka bila kuvutwa kwa nguvu, yametosha.
7. Nyonyoa, kisha mbabue juu ya moto. Kwenye ngozi nyeusi vinyoya vidogo havionekani kwa macho, pitisha kiganja uvihisi.
8. Matumbo na manyoya zika, mbwa wasiyafukue.

Mtayarishe mgeni kabla hajaona sufuria. Ngozi ni nyeusi, nyama ni ya kijivu, mifupa ni ya rangi ya makaa. Ladha ni ya kuku wa kienyeji. Jogoo wa miezi sita ni mgumu, mpe saa moja na nusu kwenye moto mdogo na tangawizi, na mchuzi wake utakuwa mzito.

## Hatua ya 10: Mchujo wa mwisho hufanywa na watoto wao

Jogoo mweusi kwa nje anaweza kubeba nakala moja tu ya Fm. Kwa macho humjui. Ukimwoanisha na mitetea walio kama yeye, kama robo ya vifaranga watatoka na ngozi nyeupe. Wakitokea hata wawili, baba na mama wote wanabeba upungufu huo, na wote wawili waondoke.

Kwa jogoo unayetaka kumtegemea miaka mingi, mpime. Mtafutie mtetea wa kienyeji mwenye ngozi nyeupe na ulimi wa pinki, lakini miguu ya kijivu iliyokoza. Miguu hiyo ni dalili kuwa hana ile Id ya kuzuia rangi. Mtenge naye. Totoa vifaranga wanane.

Akitoka hata mmoja mwenye ngozi nyeupe na mdomo wa pinki, jogoo ana nakala moja. Wakitoka wote wanane weusi, uwezekano kwamba amekudanganya kwa bahati tu ni 1 kati ya 256. Vifaranga hao ni chotara, wote ni wa kitoweo, na watobolewe alama yao siku ile ile wasije wakaingia chumba chekundu.

Mimi hupima hivi kila jogoo mpya anayeingia kutoka nje, kabla hajagusa hata mtetea mmoja wa familia. Wa mwisho alinichukua karibu miezi minne: wiki nne za mtetea kusafisha mbegu za zamani, wiki tatu za kutotoa, na wiki nane za kungoja midomo ikamilike. Walitoka vifaranga tisa. Wa saba alikuwa na ulimi mwekundu kama pilipili.